Tunavyohesabu Ulemavu wa Wazee: Kenya, Jirani Zake na Nchi za Mbali, Nikitazama Kutoka Mombasa

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2 kwa watu wa miaka 7 na zaidi. Anayezisoma hesabu hizi bila maelezo atadhani kwamba msafiri akitoka Lungalunga na kuingia Horohoro amevuka kwenda nchi ambayo ulemavu umekithiri mara tano. Ilhali pande zote mbili za mpaka ule wanakaa Wadigo wale wale, wanaooana na kuzikana, na wenye mashamba yanayotazamana. Kilichobadilika mpakani si magoti ya watu wala macho yao, bali ni mahali ambapo kila serikali imechora mstari wa kusema huyu ahesabiwe na huyu asihesabiwe.

Maswali yenyewe yana asili moja. Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, lilipendekeza maswali sita mafupi: je, mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kutuliza akili kwenye jambo, kujihudumia kwa kuoga na kuvaa, na kuwasiliana na wenzake kwa lugha yake ya kila siku. Kila swali lina majibu manne: sina shida, napata shida kiasi, napata shida kubwa, siwezi kabisa. Kenya ilihesabu majibu mawili ya mwisho peke yake, kama kundi lenyewe linavyoshauri, na Tanzania ikawachukua pia wa shida kiasi na kuongeza hali nyingine kama ualbino.

Sasa tujiulize ni nani hasa wanaojibu kwamba wanapata shida kiasi. Kwa sehemu kubwa ni wazee. Ulemavu wa kuzaliwa nao au wa ajali mara nyingi hujitokeza waziwazi, lakini ulemavu wa uzeeni huingia polepole, leo goti la kulia, mwakani jicho, mwaka unaofuata mkono ambao haushiki kitasa cha mlango sawasawa. Kwa hiyo mstari ukisogezwa hatua moja tu, wanaoingia au kutoka katika hesabu ni wazee kuliko kundi lingine lolote. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009, ambayo haikutumia maswali haya sita, ilikuwa imetoa asilimia 3.5, na baadhi ya watu wamechukulia kwamba ulemavu umepungua nchini katika muda wa miaka kumi. Haiwezekani kusema hivyo. Kipimo kimebadilika katikati ya safari, na idadi ya wazee wetu imekuwa ikiongezeka muda huo wote.

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Mombasa imekuwa kuingia majumbani na dodoso mkononi, na swali la kutembea ndilo ninalolijua kuliko yote. Nilimhoji bi mkubwa mmoja wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, anayekaa ghorofa ya pili katika nyumba ya zamani ambayo ngazi zake ni za mbao, nyembamba na za kusimama wima, na cha kushikia ni kamba iliyofungwa juu hadi chini. Nilipomuuliza kama anapata shida kutembea au kupanda ngazi alinijibu, "Alhamdulillahi, mwanangu, natembea." Na kweli alitembea, akaenda jikoni akaniletea kahawa na kaimati huku mkono wake mmoja ukipapasa ukuta. Dirishani palikuwa na kikapu cha ukindu kilichofungiwa kamba ndefu. Nilipokuwa nikiaga ndipo mjukuu wake aliponieleza kwamba kikapu kile ndicho soko la bibi yake: hukiteremsha mpaka njiani pesa zikiwa ndani, kijana wa duka hutia mkate, maziwa na dawa za presha, naye bibi hukivuta juu. Tangu afiwe na mumewe hashuki chini ila kwa hospitali au kwa msiba wa karibu sana, na siku hizo vijana wawili humbeba kwenye kiti. Katika dodoso langu bi mkubwa yule ameandikwa kuwa hana shida.

Sidhani kwamba alinidanganya. Kwanza, mtu wa makamo yake aliyelelewa pwani haanzi mazungumzo na mgeni kwa kulalamika. Anatanguliza shukrani kwa Mungu, na kama kuna la kusema litafuata baadaye, akikuzoea. Pili, alijilinganisha na wenzake wa rika moja, ambao wengi wamekwisha kufariki au wamelala kitandani, na kwa kipimo hicho yeye ni mzima. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, amekwisha kuyapunguza maisha yake hadi yakatoshea uwezo wake. Asiyeshuka ngazi hapati shida ya ngazi.

Jambo hili si la Mombasa peke yake. Mwaka 2002 mwanauchumi Amartya Sen aliandika kuhusu majimbo mawili ya India: Kerala, ambako watu wanaishi muda mrefu zaidi na wamesoma zaidi, ndiko walikosema kwa wingi kwamba wanaumwa, ilhali watu wa Bihar, wanaokufa mapema na walio mbali na hospitali, walilalamika kidogo sana. Aliyesoma na aliyezoea kumwona daktari huyajua maradhi yake na kuyataja, na aliyekosa vyote viwili huyahesabu kuwa sehemu ya maisha. Tukiyachukua majibu ya watu jinsi yalivyo na kupanga nchi kwa safu, tutawapa pongezi watu ambao hawajatibiwa.

Watafiti wametafuta dawa ya tatizo hili. Njia mojawapo, iliyoelezwa na Gary King, Christopher Murray na wenzao katika miaka ya mwanzo ya 2000, ni kumsimulia mhojiwa habari fupi za watu wa kubuni, kwa mfano mtu anayetembea mita mia mbili bila shida lakini akapumua kwa nguvu baada ya kilomita moja, kisha kumwomba aseme mtu huyo ana shida kiasi gani. Kwa kuwa mtu wa kubuni ni yule yule katika kila nchi, tofauti za majibu zinaonyesha tofauti za vipimo vilivyomo vichwani mwa watu, nayo majibu yao kuhusu wao wenyewe yanaweza kurekebishwa. Njia hii ilitumika katika Uchunguzi wa Afya Duniani wa miaka ya 2002 hadi 2004, na pia katika SAGE, utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kuzeeka katika nchi sita: China, Ghana, India, Meksiko, Urusi na Afrika Kusini. Njia ya pili ni kupima badala ya kuuliza. Katika SAGE mzee alitembezwa mita nne huku akipimwa muda, na akapewa kifaa cha kuminya ili nguvu ya mkono wake isomwe. Mwendo na mkono havina adabu ya kuficha, na kwa maoni yangu ndivyo vipimo vya kwanza ambavyo mtafiti wa pwani angepaswa kuvibeba.

Kuna pia orodha za kazi za kila siku. Sidney Katz, daktari wa Marekani, alichapisha yake mwaka 1963, yenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody waliongeza kazi zinazohitaji mpango na kumbukumbu zaidi, kama kutumia simu, kununua vitu, kupika, kufua, kusafiri, kunywa dawa kwa wakati na kushika pesa. Orodha hizi ndizo msingi wa tafiti kubwa za leo kuhusu kuzeeka: ule wa Marekani ulioanza mwaka 1992, wa Uingereza wa mwaka 2002, wa nchi za Ulaya wa mwaka 2004, wa China wa mwaka 2011, na mwingine mkubwa wa India uliofuata. Wenye tafiti hizi walikubaliana mapema kuuliza maswali yanayofanana ili majibu yaweze kuwekwa pamoja, na kwa hilo wanastahili heshima kubwa.

Hata hivyo orodha iliyoandikwa Marekani huja na nyumba ya Marekani ndani yake. Kuoga kule ni kufungua bomba. Kuoga katika nyumba nyingi za Mombasa, ambako maji ya mfereji huja kwa zamu na mengine hununuliwa kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni, ni kuinua ndoo, kuinama na kata, na kusimama juu ya sakafu yenye utelezi. Choo cha kuchuchumaa kinadai magoti na nyonga ambavyo choo cha kukalia hakivihitaji. Mwili ule ule utahesabiwa kuwa mzima katika nyumba moja na kuhitaji msaada katika nyingine. Vivyo hivyo kuhusu upishi: katika toleo la awali la Lawton na Brody wanaume hawakupimwa kwa kupika, kufua wala kazi za nyumbani, kwa kuwa ilidhaniwa hawazifanyi. Wazee wengi wa kiume ninaowahoji hawajawahi kuchemsha chai, na wakisema hawawezi kupika, wanaeleza walivyolelewa, si hali ya miili yao.

Kama ningepewa ruhusa ya kuongeza maswali yetu wenyewe, ningeuliza mawili. La kwanza ni kuhusu kukuna nazi. Anayekaa juu ya mbuzi, akaweka magoti pande zote mbili, akashika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno ya chuma mpaka nyama nyeupe iishe, amenionyesha nyonga zake, viganja vyake, mabega yake na macho yake kwa mara moja, na wanawake wengi wanakumbuka vizuri ni lini walimwachia binti au mfanyakazi kazi hiyo. La pili ni kuhusu sala: je, unasujudu chini au unasali kitini? Muislamu mzee hajibu swali hili kwa adabu ya mgeni, kwa sababu linahusu ibada yake, na jibu lake linajulikana kwa msikiti mzima. Katika misikiti mingi ya mjini viti vya plastiki vimepangwa ukutani au mwisho wa safu, na imamu angeweza kumsaidia mtafiti kuona ulemavu wa magoti ukiongezeka mwaka baada ya mwaka.

Pamoja na kasoro zote hizo, kuna mambo ambayo hesabu za nchi nyingi zimeyaonyesha kwa uthabiti wa kutosha. Katika Uchunguzi wa Afya Duniani, uliochambuliwa kwa nchi 59, asilimia 43.4 ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika nchi za kipato cha chini walikuwa na ulemavu, ikilinganishwa na asilimia 29.5 katika nchi za kipato cha juu. Kwa hiyo mzee wa nchi maskini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ulemavu ingawa anaishi miaka michache kuliko mzee wa nchi tajiri. Pengo hilo huenda ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika nchi ambazo kiharusi au figo huua haraka, wagonjwa mahututi hawafiki umri wa kuhojiwa, na wanaobaki ni wale wenye miili imara. Wanawake kila mahali huishi muda mrefu kuliko wanaume na kila mahali hueleza ulemavu mwingi zaidi, kwa sehemu kwa sababu ya maumivu ya viungo. Na aliyesoma miaka michache utotoni huanza kushindwa na kazi za kila siku mapema kuliko aliyesoma mingi, iwe ni China, Meksiko au Uingereza.

Utajiri wa nchi peke yake hautoshi kuwa maelezo. Mwaka 2006 James Banks, Michael Marmot na wenzao walilinganisha Wamarekani na Waingereza weupe wa umri wa miaka 55 hadi 64, wakakuta Wamarekani wana kisukari, presha na maradhi ya moyo zaidi katika kila ngazi ya kipato na elimu, ingawa Marekani hutumia pesa nyingi zaidi kwa tiba. Waliotofautiana hapo ni mataifa mawili tajiri yenye lugha moja. Nalitaja hili kwa sababu hapa kwetu watu husema kwamba maradhi ya uzeeni yatapungua nchi ikitajirika. Yanaweza kuzidi.

Presha ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Katika SAGE, zaidi ya robo tatu ya watu wa miaka 50 na zaidi nchini Afrika Kusini walikuwa na presha ya kupanda, na India walikuwa karibu theluthi moja. Hilo ni pengo la kweli, kwa sababu mkono ulifungwa kifaa na namba ikasomwa. Lakini katika nchi zote sita, wenye presha ambao presha yao ilikuwa imeshushwa hadi kiwango salama hawakufika mmoja kati ya sita. Wengi hawakujua kwamba wanayo. Presha isiyotibiwa ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na kiharusi ndicho kinachomfanya mzee aliyekuwa akienda sokoni Marikiti asubuhi awe wa kulishwa jioni ile ile. Nimeingia katika nyumba nyingi za Majengo, Kisauni na Likoni ambako mzee amepooza upande mmoja, na familia nyingi hunieleza habari moja: alikuwa na dawa, akaziacha alipojisikia vizuri, au zilipokwisha na mwezi haujaisha. Kisukari kinafuata nyuma yake, kikila macho na miguu, katika mji ambao chai bila sukari ya kutosha huhesabiwa kuwa dharau kwa mgeni.

Macho nayo yana habari yake, na hii ina matumaini zaidi. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza duniani kwa kusababisha upofu, na upasuaji wake ni mfupi, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku ile ile. Katika nchi tajiri mzee hufanyiwa upasuaji mapema, kabla hajashindwa kusoma au kuendesha gari. Huku kwetu wazee wengi hungoja mpaka jicho liwe jeupe kabisa, kwa kuogopa kisu, kwa kukosa wa kuwapeleka au kwa kuamini kwamba macho ya mzee ndivyo yanavyokuwa. Anayeona vibaya huanguka, anayeanguka huvunja nyonga, na aliyevunja nyonga bila tiba ya viungo hainuki tena. Ukimwandika kuwa ana ulemavu wa kutembea utakuwa umesema kweli, ila utakuwa umeficha kwamba ulianzia jichoni na ungeweza kuzuiwa. Kwa sababu hii naona tafiti zinazotoa idadi ya walemavu bila kuuliza chanzo zimefanya nusu ya kazi.

Baada ya mwili, kuna kinachouzunguka. Japani ilianzisha bima ya matunzo ya wazee mwaka 2000. Kila mtu kuanzia umri wa miaka 40 huchangia, na akifika 65 akahitaji msaada hukaguliwa na kuwekwa katika daraja mojawapo kati ya saba, kuanzia la msaada mdogo hadi la matunzo kamili, kisha hupangiwa huduma, ikiwa ni pamoja na kuwekewa vyuma vya kushikia nyumbani. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo. Tuna Inua Jamii, programu ya serikali ya kugawa pesa, ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa ikiwalenga wazee wote wa miaka 70 na zaidi kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na jirani zetu wa Zanzibar walianzisha pensheni yao ya wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwezi wa Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Pesa hizi zina maana kubwa kwa anayezipata, na nimeziona zikigeuka dawa na unga. Lakini hazishiki mkono wa mtu ngazini. Mkono huo ni wa binti, wa mkwe au wa msichana wa kazi, na katika familia nyingi za Mombasa binti yuko Ghuba akituma pesa za kumlipa msichana wa kazi.

Hapa ndipo ulinganisho wa nchi ulivyonibadilisha mtazamo. Zamani niliuona ulemavu wa mzee kuwa ni jambo la mwili wake na majaaliwa yake, na nilitafuta nchi zenye wazee wachache walemavu ili nizisifu. Sasa naangalia vitu vitatu kando kando: mwili unaweza nini ukipimwa, nyumba na njia zinadai nini, na mtu mwenyewe anatarajia nini kutoka kwa uzee wake. Nchi mbili zinaweza kuwa na asilimia moja kwa sababu tofauti kabisa. Bi mkubwa wa Kibokoni na mwenzake wa Osaka mwenye magoti yale yale hawana ulemavu mmoja, kwa kuwa wa Osaka, kule Japani, amewekewa vyuma ukutani na wa Kibokoni ana kamba.

Utafiti wa namna hii umeanza kutukaribia. Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Michigan wamefanya majaribio ya utafiti wa muda mrefu wa kuzeeka nchini Kenya, uitwao LOSHAK, katika eneo la Kaloleni na Rabai kaunti ya Kilifi, mwendo mfupi kutoka hapa, ukifuata mtindo wa tafiti za Marekani, Ulaya na Asia nilizozitaja. Natamani sana uenee hadi mjini, kwa sababu mzee wa Rabai anayetembea shambani na mzee wa Mji wa Kale anayekaa ghorofani wanazeeka kwa namna mbili zisizofanana, ingawa wanaumwa presha moja.

Kwa sensa ijayo, ambayo kwa desturi ya miaka kumi itaangukia mwaka 2029, ninaomba mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Shirika la Takwimu la Kenya lichapishe, kwa watu wa miaka 60 na zaidi peke yao na kwa kila kaunti, majedwali mawili: moja la wenye shida kubwa na wasioweza kabisa, na jingine lenye wa shida kiasi ndani yake, ili tuweze kujilinganisha na Tanzania bila kubahatisha. Swali la kutembea litenganishwe na swali la ngazi, kwa sababu katika mji wenye nyumba za ghorofa mambo haya ni mawili. Makarani wafundishwe kwamba mzee akijibu "alhamdulillahi" mahojiano ndiyo kwanza yanaanza, na wamuulize kwa upole ni lini mara ya mwisho alipotoka nje ya nyumba yake kwa miguu yake mwenyewe, na nani alikuwa amemshika.